Mwulize afisa wa afya leseni yake, ni haki yako

Msomaji, ukija kutibiwa katika zahanati yangu una njia nyingi za kunipima. Utatazama ukutani uone kama nina leseni ya mwaka huu. Utasikiliza maswali ninayokuuliza. Ukimeza dawa zangu kwa siku 3 usipate nafuu, utakwenda kwa daktari mwingine, na majirani utawasimulia. Daktari hupimwa kila siku na wale anaowatibu, na akiwa mbovu habari zake huenea upesi mtaani.

Lakini yuko mtaalamu mwingine ambaye afya yako imo mikononi mwake zaidi kuliko ilivyo mikononi mwangu, na ambaye huna njia ya kumpima. Ni yule anayeingia jikoni mwa mkahawa unakokula chakula cha mchana na kuamua kama panafaa. Ni yule anayechota maji ya kisima cha mtaa wenu na kuyapeleka maabara. Ni yule anayekagua ramani ya nyumba kabla haijajengwa, ili bomba la maji safi lisipite kando ya shimo la choo. Huyo ni afisa wa afya ya umma. Akiifanya kazi yake barabara, hapatokei lolote: huharishi, hutapiki, hulazwi. Akiivuruga, huenda usijue kamwe kuwa ni yeye. Utasema ni bahati mbaya, au utalaumu samaki wa jana usiku.

Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba cheti cha afisa wa afya kina maana kwako kuliko hata changu mimi daktari. Mimi waweza kunikimbia. Yeye huwezi, kwani hukumchagua, na aghalabu humjui hata kwa sura. Basi ni lazima awepo mwingine wa kumpima kwa niaba yako kabla hajapewa mamlaka, na wa kumnyang'anya mamlaka hayo akiyatumia vibaya.

Karatasi tatu zisizofanana

Watu wengi huchanganya mambo matatu ambayo hayafai kuchanganywa. La kwanza ni cheti cha masomo, yaani stashahada au shahada anayopewa mwanafunzi akihitimu, iwe ni katika Chuo cha Mafunzo ya Utabibu (KMTC) au chuo kikuu. Karatasi hii husema tu kwamba siku fulani mtu huyu alijua kiasi fulani. Haiishi muda, na mtu hanyang'anywi kwa kuwa amekula hongo.

La pili ni usajili. Hapa jina la mhitimu huingizwa katika daftari la Baraza la Maafisa na Mafundi wa Afya ya Umma, baada ya elimu yake kuhakikiwa kuwa ni ya kweli na ni ya kutosha.

La tatu ni leseni. Hii ni ruhusa ya kufanya kazi kwa muda maalumu, na muda huo ukiisha sharti mtu aombe tena. Hapo ndipo anapofaa kuulizwa kama ameendelea kujifunza. Aliyehitimu mwaka 1995 alifundishwa mengi ya maana, lakini hakufundishwa Covid-19, ugonjwa uliothibitishwa humu nchini kwa mara ya kwanza Machi 2020. Elimu ya afya, kama maziwa, ina tarehe ya kuharibika.

Nisemapo cheti cha kitaaluma, hasa nina maana ya hizi karatasi mbili za mwisho. Thamani yake haimo katika muhuri wala katika fremu ya ukutani. Imo katika jambo moja tu, kwamba inaweza kuchukuliwa. Cheti ambacho mwenyewe hawezi kukipoteza hata akifanya nini, hicho ni pambo.

Mamlaka bila sheria ya kuyasimamia

Mamlaka ya afisa wa afya si madogo. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ilianza kutumika mwaka 1921, enzi za ukoloni. Kwa sheria hiyo afisa anaweza kuingia katika jengo na kulikagua, kumwamuru mwenye nyumba aondoe uchafu unaohatarisha watu, na kumfikisha mahakamani akikaidi. Chakula kisichofaa kuliwa huweza kutwaliwa na kuharibiwa.

Hata kabla ya sheria hiyo, wakazi wa Nairobi walikuwa wameonja ukali wa mamlaka ya namna hii. Mwaka 1902, mji ukiwa ungali mchanga, tauni ilizuka katika soko la Wahindi na soko lote likateketezwa kwa amri ya wakuu. Watu walipoteza maduka na makao. Sisemi kwamba tauni haikuwa hatari. Nasema kwamba mtu aliye na uwezo wa kuharibu mali ya wenzake kwa jina la afya, ni lazima awepo wa kumwuliza: wewe ni nani, umesomea wapi, na utajibu kwa nani ukikosea?

Sasa tazama ajabu hii. Sheria inayosimamia sisi madaktari ilitungwa mwaka 1977. Sheria ya wauguzi ni ya 1983. Matabibu, wale wahitimu wa stashahada wanaotibu wagonjwa wengi kuliko madaktari, walipata yao mwaka 1988. Afisa wa afya ya umma alingoja hadi mwaka 2013 kupata sheria yake mwenyewe ya mafunzo, usajili na leseni. Hesabu mwenyewe: kutoka 1921 hadi 2013 ni miaka 92 ambapo mamlaka yalikuwepo, lakini sheria mahususi ya kuwapima na kuwasajili wenye mamlaka hayo haikuwepo.

Mwaka uo huo wa 2013 ndipo serikali za kaunti zilipoanza kazi, na sehemu kubwa ya huduma za afya ikahamia kwao, ukaguzi wa sehemu za kuuzia chakula ukiwa miongoni mwa huduma hizo. Waajiri wakawa 47. Bila daftari moja la nchi nzima, afisa aliyefutwa kazi kwa utovu wa maadili katika kaunti moja anaweza kuvuka mpaka, akaajiriwa katika kaunti jirani, akakukagulia nyama. Daftari moja humfuata kila aendako.

Sumu isiyoonekana

Pengine utaniambia kuwa ukaguzi ni kazi ya macho tu, na mtu yeyote mwenye akili timamu anaweza kutambua uchafu. Laiti ingekuwa hivyo.

Mwaka 2004 wakazi wa Makueni, Kitui, Machakos na Thika walianza kugeuka manjano na kufa. Wagonjwa 317 walihesabiwa, na 125 kati yao wakafariki. Walikuwa wamekula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu, yakashika ukungu, na ukungu ukatoa sumu iitwayo aflatoksini ambayo hushambulia ini. Sumu hii haina harufu wala ladha ya kukuonya, na kuyapika mahindi hakuiondoi. Kiwango kinachoruhusiwa nchini ni sehemu 10 tu katika sehemu bilioni 1. Jicho gani litaona hilo?

Tena, kuna ufundi wa kuchukua mahindi ya kupimwa. Ukungu hauenei sawasawa katika gunia, na punje chache zinaweza kubeba sumu yote. Asiyefunzwa atachoma bambo mara moja kando ya gunia lililo karibu na mlango, achukue kiganja cha mahindi na kwenda zake. Aliyefunzwa atachoma juu, katikati na chini, katika magunia mengi ya ghala, atayachanganya aliyoyatoa, atayafunga na kuyaandika yalikotoka. Wote wawili watarudi na karatasi isemayo kwamba mahindi ni safi. Ugali utakaompa mwanao utategemea ni nani kati yao aliyetumwa.

Ndivyo ilivyo hata kwa maji. Wakati wa kipindupindu, kutia klorini si kumwaga tu dawa kisimani. Hesabu inayofuatwa ni kwamba baada ya dakika 30 maji yabaki na klorini isiyopungua nusu miligramu kwa kila lita. Ikipungua, viini vinabaki hai. Ikizidi mno, maji yananuka, watu wanayakataa na kurudi kuchota mtoni. Na maji yakiwa na tope, klorini huishia kwenye tope hilo kabla haijafika kwenye viini. Haya hayaokotwi njiani, hufundishwa na kutahiniwa.

Cheti cha mpishi na cheti cha mkaguzi

Sheria inataka kila anayeshika chakula cha kuuziwa umma awe na cheti cha afya, na cheti hicho hufanywa upya kila baada ya miezi 6. Sababu yake ni nzito. Mtu anaweza kubeba viini vya homa ya matumbo naye mwenyewe asihisi hata kuumwa kichwa. Anaonekana buheri wa afya, anakata kachumbari, na wateja ndio wanaolazwa.

Je, mpango huu hufanya kazi? Juni 2017, wajumbe waliokuwa katika kongamano la afya kwenye hoteli moja ya Nairobi waliugua kipindupindu. Naam, kongamano la afya! Mwezi uliofuata wengine wakaugua baada ya maonyesho ya biashara jijini. Haikuwa vibandani wala mitaa ya mabanda, ambako tumezoea kusukumia lawama. Waziri wa Afya wa wakati huo alitangaza kufutwa kwa vyeti vya afya vya wahudumu wa vyakula jijini na kuagiza wapimwe upya. Waziri hafuti vyeti anavyoviamini.

Funzo ninalolipata hapo ni hili: karatasi ya mpishi haiwezi kuwa nzito kuliko mtu aliyeitia sahihi. Kama aliyeitia sahihi hakuogopa kupoteza chochote, cheti kitauzwa kama karanga, wala kinyesi cha kupimwa hakitaombwa. Ukitaka kusafisha jikoni, anza na mkaguzi wa jikoni.

Wala tusijidanganye kuwa vyeti vya watumishi wenyewe vyote ni halali. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilieleza kuwa uhakiki wake katika taasisi za serikali ulifichua vyeti bandia zaidi ya 2,000. Mwenye cheti bandia cha ukarani atapoteza mafaili. Mwenye cheti bandia cha afya ya umma atapoteza watu.

Leseni humpa afisa uti wa mgongo

Kuna faida nyingine ya leseni isiyotajwa mara nyingi, nayo ni ile inayomwendea afisa mwenyewe. Tuseme msichana aliyeajiriwa juzi ameitwa ofisini na mkubwa wake. Anaambiwa atie sahihi kwamba jengo la ghorofa 5 lina mfereji wa maji taka unaofaa, naye ameona kwa macho yake kwamba maji hayo yanamwagwa mtoni. Mwenye jengo ni rafiki wa mwanasiasa.

Kama kitu pekee alicho nacho ni kazi hiyo, huenda akatia sahihi. Ana wadogo zake wa kusomesha. Lakini kama ana leseni, ana la kujibu: "Mzee, nikitia sahihi nitafutwa katika daftari, na sitaajiriwa katika kaunti yoyote." Hapo hasemi kwamba yeye ni malaika. Anasema kwamba kuna mkubwa mwingine juu ya mkubwa wake. Wengi wetu huwa wema kwa urahisi zaidi tunapokuwa na kisingizio cha kukataa.

Wanaopinga wana hoja

Si wote wanaokubaliana nami, na baadhi ya hoja zao ni za haki.

Wapo wasemao kwamba karatasi haifanyi kazi, uzoefu ndio hufanya. Wanatoa mfano wa mzee aliyekagua machinjio kwa miaka 30. Uzoefu nauheshimu, lakini uzoefu usiopimwa unaweza kuwa kosa moja lililorudiwa kwa miaka 30. Mzee huyo apewe nafasi ya kutahiniwa papo hapo machinjioni, mbele ya nyama. Akifaulu, na aandikwe.

Wapo wanaolalamikia gharama. Kijana amelipa karo, halafu analipia usajili, kisha analipia leseni na mafunzo ya kila mwaka, na bado hana kazi. Hapa wana haki. Baraza la kitaaluma likigeuka kibanda cha kukusanya ada, litachukiwa na wanachama na litadharauliwa na umma. Naona ni wajibu wa kaunti kuwalipia leseni maafisa inaowaajiri, na baraza liwapunguzie ada wasio na ajira.

Hoja ya tatu ndiyo ngumu zaidi, nayo inawahusu wahudumu wa afya ya jamii. Septemba 2023 serikali ilizindua ugavi wa mikoba yenye vifaa, kama mashine za kupima shinikizo la damu na sukari, kwa wahudumu zaidi ya 100,000 nchini, kwa malipo ya Sh5,000 kwa mwezi yanayogawanywa kati ya serikali kuu na kaunti. Mwezi uliofuata Sheria ya Huduma ya Afya ya Msingi ikatiwa sahihi, ikawatambua rasmi. Wengi ni akina mama wa mtaani ambao hawakupita chuoni. Tukidai stashahada, tutawapoteza wote, na watakaoumia ni wale wasioweza kufika hospitalini.

Lakini kuwaacha bila kuwapima pia si kuwatendea wema. Katika kliniki yangu huja watu wenye hofu, wameambiwa wana shinikizo la juu la damu, kumbe walipimwa mara tu baada ya kupanda ngazi, ukanda ukiwa umefungwa juu ya mkono wa sweta. Kumbe mtu hupaswa kuketi akatulia kwa dakika 5, mkono ukiwa wazi na umeegemezwa usawa wa moyo. Mama mwenye mkoba anaweza kulijua hilo katika asubuhi moja. Kwa hivyo napendekeza cheti cha ngazi yake, cha mtihani wa vitendo: pima, andika, jua ni nani wa kupelekwa hospitali leo na nani wa kurudiwa wiki ijayo. Urudiwe kila baada ya miaka michache, uwe bure, na uendeshwe kwa Kiswahili au lugha ya mahali, si kwa Kiingereza cha kumtoa jasho.

Cheti peke yake hakitoshi

Naomba nisieleweke vibaya. Leseni haitii klorini kisimani. Afisa mwenye leseni asiye na usafiri, asiye na kemikali za kupimia, na anayetarajiwa kukagua wadi kadhaa peke yake, ni sawa na dereva hodari asiye na gari. Kaunti isije ikajigamba kuwa maafisa wake wote wamesajiliwa, ilhali maabara yake imefungwa kwa kukosa vifaa. Mshahara unaochelewa kwa miezi pia ni adui wa leseni, kwani mwenye njaa hushawishika upesi. Mtu tumpime, halafu tumpe zana za kazi na ujira wake kwa wakati.

Nawe msomaji ufanye nini?

Kwanza, afisa wa afya akibisha mlango wa duka lako, nyumba yako au shule unayoisimamia, mpokee kwa heshima na umwombe kitambulisho cha kazi na leseni yake. Afisa wa kweli hatakasirika. Tapeli ndiye atakayefoka. Usimpe mtu pesa taslimu mkononi; ada ya serikali hulipwa kwa njia rasmi, na hutolewa risiti.

Pili, unapokula mkahawani, uliza vyeti vya afya vya wahudumu na utazame tarehe. Ikiwa miezi 6 imepita, mwambie mwenye mkahawa bila ugomvi. Wateja 3 wakimwambia kwa wiki moja, atawapeleka wafanyakazi kupimwa.

Tatu, kaunti yako inapoita wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti, usiwaachie wanaodai barabara peke yao. Uliza: wadi yetu ina maafisa wangapi wa afya waliosajiliwa? Wana leseni za mwaka huu? Maji yetu yalipimwa lini mara ya mwisho, na ni nani aliyeyapima? Mwakilishi wako wa wadi asipojua, mpe hadi kikao kijacho.

Nalo baraza lina deni kwetu. Daftari lake liwe jepesi kusomwa na raia yeyote mwenye simu, na majina ya waliofutwa yatangazwe waziwazi kama yanavyotangazwa ya waliofaulu. Daftari lisilosomwa na umma haliwezi kuulinda umma.

Tumezoea kumshukuru daktari aliyetutoa kitandani, na kwa hilo nasema asante. Lakini afadhali yule aliyetufanya tusilale hapo kamwe. Tumdai leseni yake, tumpe vifaa vyake, na akitimiza wajibu wake tumpe heshima yake.